Sahihi Yake Kwenye Kitabu cha Boila

Nilifanya kazi ya boila miaka mingi katika kiwanda cha peremende pembeni mwa mji wa Eldoret, na katika miaka hiyo yote nilimwonea wivu mtu mmoja tu. Kulikuwa na walionizidi pesa na walionizidi masomo, lakini hao hawakuninyima usingizi, kwa sababu nilijua jinsi walivyovipata. Huyu alinizidi kwa kitu ambacho sikuweza kukifuata hatua kwa hatua, na mimi ni mtu wa hatua.

Boila yenyewe ilikuwa ndogo, ya kulishwa kwa mkono. Ilikula kuni za miti ya miwati, na mvuke wake ulipita kwenye mabomba hadi kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia sukari. Kuni zikipungua tulichanganya na magunzi ya mahindi, yaliyoletwa kwa lori kutoka Moi's Bridge baada ya mavuno. Zamu ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alilisha moto, mwingine alitazama geji ya mvuke na kioo cha maji na kuandika kitabuni kila nusu saa. Mimi niliandika. Mwenzangu alilisha.

Alikuwa wa rika langu, ametoka upande wa magharibi kutafuta kazi kama wengi. Mimi ni mtoto wa watu waliotoka mkoa wa kati wakafungua duka Yamumbi. Baba alipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nilijifundisha mwenyewe: maktaba ya mji kila Jumamosi, kamusi moja, na vitabu vya kemia vilivyokwisha majalada, ambavyo nilivinunua kwa wachuuzi waliotandaza magunia kando ya barabara. Nilivisoma kwa mpangilio, sura baada ya sura, na sikuruka zoezi.

Mwenzangu hakusoma kitu. Alisikiliza. Alisimama mbele ya mlango wa tanuri, kichwa amekiinamisha upande, kisha akasema, "Huu una njaa," akatupa magogo mawili. Au alisema, "Sasa umeshiba, usiuguse." Nilipotazama geji, mshale ulikuwa umesimama kama umepigiliwa msumari. Nilipolisha mimi, mshale ulipanda na kushuka. Kwa miezi minne nilihesabu magogo yake, nikapima urefu wake, nikaandika saa na dakika, nikitafuta kanuni. Sikuiona.

Haikuwa moto tu. Saa nne, akina mama wa chumba cha kufungia peremende walipotoka kunywa chai, walipitia kwake. Aliwachomea mahindi kwenye mlango wa chini wa majivu, na kicheko chao kilisikika hadi langoni. Mimi waliniambia, "Habari ya kazi, Mwalimu," wakapita. Jina hilo la Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipa, kwa utani, na likanishika.

Sasa nieleze habari ya karatasi. Peremende zetu zilifungwa kwa karatasi angavu iliyokuja imeviringishwa katika marola makubwa. Ilisokotwa ncha mbili ikafanya masikio. Mjini kila kitu kinachopitisha mwanga na kisicho kioo huitwa nailoni, na hata sisi tuliiita hivyo. Vipande vilivyokatwa vibaya na ncha za marola vilijazwa magunia, vikapelekwa kwenye shimo nyuma ya ua na kuchomwa pale. Moto mkubwa uliruka hewani, mweupe, haumpikii mtu yeyote chochote, na sisi hatua hamsini kutoka hapo tulikuwa tunahangaika na kuni mbichi.

Katika kitabu kimoja cha maktaba nilisoma kwamba iko plastiki inayotokana na miti. Mbao husagwa, huyeyushwa kwa dawa, kisha uji huo husukumwa kupitia mwanya mwembamba na kuingia kwenye tindikali, ukatoka ukiwa karatasi laini inayong'aa. Nikashuku kwamba yetu ni hiyo. Nilikata vipande vilivyolingana, nikavichoma kimoja kimoja kwenye sahani ya bati nyumbani, na kuandika matokeo. Iliwaka mara moja kama karatasi, ikanukia karatasi iliyoungua, na majivu yake yalipondeka kwa kidole. Mfuko wa plastiki wa dukani ulijikunja, ukadondoka matone ya moto, ukanuka mshumaa na kuacha kidonge kigumu. Basi yetu ilikuwa mti, kwa jina la kitabuni selulosi, na mti uliokwisha kazi yake ya kufungia peremende bado una joto lake ndani. Niliandika kurasa sita kwa Kiingereza kumweleza meneja kwamba tuchanganye mabaki hayo na magunzi. Nilizitia kwenye bahasha, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Ilikaa humo wiki tatu, kwa sababu lilikuwa limebaki jaribio moja.

Asubuhi moja ya mvua meneja alikuja uani kulalamika kuhusu mvuke. Magunzi yalikuwa yamelowa na kuni zilitoa povu.

"Mkubwa," mwenzangu akamwambia, "hizi nailoni za kufungia, mbona tunatupa? Hii si nailoni. Hii ni mti."

"Mti?"

"Sikia." Akachukua kipande akakifinya karibu na sikio la meneja. "Inalia kama majani kavu. Nailoni hailii hivi. Haya, sasa nusa." Akawasha kiberiti.

Meneja alinusa, akacheka. "Kama daftari la mtoto."

"Si nimekuambia? Tuchanganye na haya magunzi, utaona moto."

Nilisogea. "Mkubwa, hiyo ni selulosi. Mimi nimeandika kurasa..."

"Vizuri sana," meneja akasema bila kugeuka. "Basi wewe andika, yeye achome."

Nakumbuka nilivyosimama pale na bahasha kifuani. Nilihitaji miezi mitatu, maktaba, na sahani ya bati. Yeye alihitaji vidole viwili na pua. Na la kuniuma zaidi, hakuniibia. Hakujua nina bahasha. Ningejua ameniibia ningemchukia kwa haki, na jambo likaisha.

Ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyoandika. Alitia konzi ya karatasi kwa kila karai mbili za magunzi, na hata magunzi yenye unyevu yalishika moto upesi. Nilipopima konzi zake kwenye mizani ya jikoni, uzito ulikaribia sana ule niliokuwa nimeupendekeza ukurasa wa nne. Sikumwambia mtu. Mwezi haukuisha, meneja akamfanya mkuu wa boila. Alipewa koti refu la kaki lenye mfuko wa kalamu, na kalamu akaitia.

Kwa cheo hicho kulikuja sheria mpya: kila jioni mkuu wa boila atie sahihi chini ya ukurasa wa siku, kuonyesha kwamba ameusoma. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mkaguzi wa serikali ndiye aliyekikagua. Sahihi yake ilikuwa nzuri, herufi moja kubwa iliyozunguka mara mbili na mkia uliopigwa kwa haraka. Hata sahihi nilimwonea wivu. Yangu inafanana na maandishi ya mtoto mtiifu.

Lakini nilijua jambo ambalo kiwandani hapakuwa na mwingine alijuaye. Jumapili moja alikuja nyumbani kwangu na barua ya shule ya mtoto wake. Aliketi, akanywa chai, akazunguka na maneno mengi, akamchekesha mke wangu mpaka akaweka chini birika. Mwishowe akatoa barua.

"Mwalimu, nisomee hii. Macho yangu siku hizi, moshi umeyamaliza."

Nilimsomea. Nilipomrudishia, aliishika kichwa chini miguu juu, akaikunja polepole. Tuliangaliana. Alijua nimejua.

"Nilitoka darasa la pili," akasema. "Usiseme huko kazini."

"Sitasema."

Alipoondoka mke wangu alisema, "Huyo rafiki yako ana mdomo mtamu." Nikamjibu kwamba si rafiki yangu, tunafanya kazi pamoja. Siku hiyo, naandika kama ilivyokuwa, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu chake mkononi.

Baadaye yakaja marola mapya. Msimamizi wa chumba cha kufungia, mama mmoja mnene asiyeficha neno, alikuja kwenye meza yangu nje ya boila na kipande mkononi.

"Mwalimu, hebu angalia hii nailoni mpya. Nikisokota masikio, yanafunguka. Yananicheka."

"Imetoka wapi, Mama?"

"Nairobi, na lori la juzi. Ati ni ya kisasa, na bei ni rahisi. Mkubwa anasema tusokote mara tatu. Na vidole ni vyangu!"

Nilikisokota. Kikajisokotoa chenyewe kama kitu kilicho hai. Nilikifinya, na kililia, lakini kwa sauti nyembamba. Nikawasha kiberiti. Kilikimbia moto, kikajikunja, kikadondosha tone linalowaka, na tone lile lilipopoa juu ya sakafu lilikuwa kidonge kigumu. Harufu ilikuwa ya mshumaa.

"Ni mbaya?" akauliza.

"Ya kufungia sijui. Lakini hii si mti. Ni plastiki ya mafuta. Ikiingia kwenye boila yetu itayeyuka na kuziba vyuma vya chini, mahali moto unapovutia hewa."

"Basi ambia watu wa moto mapema. Magunia ya taka tayari tumeanza kuchanganya."

"Nitawaambia."

Nilikuwa nimedhamiria kumwambia mwenzangu. Nilinyanyuka na kipande mkononi. Kutoka mezani hadi mlango wa tanuri ni hatua kumi. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Ilikuwa saa ya chai. Mwenzangu alikuwa na mafua wiki hiyo, kofia ya sufu imefunika masikio, pua imeziba, na bado akina mama watano walikuwa wamemzunguka wakingoja mahindi. Akaniona nikija.

"Tulieni!" akasema. "Mwalimu anakuja na ripoti. Leo ina kurasa ngapi, Mwalimu?"

Walicheka wote. Si kicheko kibaya. Mmoja hata alinisogezea nafasi na kunipa nusu ya hindi lake. Nilisimama nikiwa na kipande kile mkononi, na uso ukawa moto. Kurasa ngapi? Alisema bila kujua lolote kuhusu bahasha, nami nikaona kama amenifungua kifua akaitoa mbele yao.

Nikasema, "Hakuna ripoti." Nikarudi mezani.

Pale niliandika, kwenye safu ya maelezo, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba karatasi mpya ya kufungia si selulosi, kwamba itayeyuka na kuziba vyuma vya chini, na kwamba isichomwe kwa hali yoyote. Nilitia saa. Niliisoma tena nikarekebisha alama moja ya mkato. Jioni mwenzangu alipiga chafya, akachukua kalamu mfukoni mwa koti lake la kaki, akatia ile sahihi yake chini ya maneno yangu.

"Kuna kitu leo?" akauliza, kama alivyouliza kila jioni.

"Kimeandikwa," nikasema.

Aliuliza nami nikajibu hivyo. Siwezi kulipunguza wala kuliongeza.

Siku iliyofuata magunia ya zamani yalikuwa hayajaisha. Niliyatazama yakipungua. Nilijiambia kwamba nitamwambia kesho, kwamba ataona mwenyewe, yeye anayesikia kila kitu. Siku zote alifinya karatasi kabla ya kuitia. Nilisahau, au nilijisahaulisha, kwamba masikio yalikuwa ndani ya kofia ya sufu na pua ilikuwa imeziba.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri na magunzi yalikuwa mazito kwa maji. Aliamua kuongeza karatasi. Alimimina magunia mawili kwa mkupuo. Nilikuwa kwenye kioo cha maji, nikamwona akiyafungua, na ndani nikaona ule mng'ao mwepesi wa karatasi mpya. Mdomo wangu ulifunguka. Magunia yalikuwa tayari yameingia.

Kwanza moto ulipanda vizuri. Kisha ukawa mwekundu, kisha mweusi. Moshi mzito uliokuwa na harufu ya mishumaa ulirudi chumbani kupitia mlango. Mshale wa geji ukaanza kushuka, nao haukuwa umeshuka hivyo tangu apewe kazi ya kulisha. Kutoka chumba cha kupikia tulisikia wapishi wakipiga masufuria: mvuke umekwisha, sukari inaganda.

"Huu moto mbona umekufa?" akasema. Alishika chuma kirefu cha kuchokolea, akafungua mlango wote.

"Usifungue!" nilipiga kelele. Hilo nililisema kwa mdomo, siku mbili baada ya wakati wake.

Hewa iliingia na moto ukatoka kumlaki. Aliruka nyuma, nyusi zimeungua, lakini alikuwa ameshavuta kile chuma, na ncha yake ilibeba ute unaowaka. Ulimdondokea mgongoni mwa mkono wa kulia na vidoleni. Mafuta ya moto hutiririka, huu ulishika. Alijaribu kuufuta kwa mkono mwingine. Nilifunga mlango, nikaziba njia ya hewa, nikafungulia maji boila isikauke, kila kitu kwa mpangilio wake, na ndipo nikamtia mkono kwenye ndoo. Pikapu ya kupelekea peremende madukani ilimpeleka hospitali.

Meneja aliitisha kitabu jioni ileile. Alisoma akiwa amesimama chini ya picha ya Rais, akarudisha kurasa za siku mbili, akaweka kidole.

"Uliandika hii?"

"Ndiyo, Mkubwa."

"Na yeye akatia sahihi."

"Ndiyo."

"Ulimwambia pia?"

Kulikuwa na jibu moja tu la kweli. "Imeandikwa hapo, Mkubwa," nikasema.

Mwenzangu aliporudi baada ya wiki, mkono umefungwa bendeji hadi kiwikoni, aliitwa ofisini nami nikiwepo. Meneja alimwonyesha ukurasa.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kutia?"

Aliutazama ukurasa. Akanitazama mimi. Angeweza kusema wakati huo kwamba hajui kusoma, na lawama ingegawanyika. Neno hilo lilinifika mdomoni nami pia, nikalimeza, nikijiambia kwamba nilimwahidi kutosema.

"Nilisoma, Mkubwa," akasema. "Nikasahau."

Barua ya kuachishwa kazi alipewa Ijumaa. Jumapili aliileta Yamumbi kwangu, kama alivyoleta ile ya shule. Mke wangu alimpokea mlangoni, akamsikitikia mkono, akamwekea chai upande wa kushoto apate kuishika. Safari hii hakuzunguka na maneno.

"Nisomee, Mwalimu. Neno kwa neno. Nijue nitamwambia nini mama watoto."

Ilikuwa aya tatu. Ya kwanza ilisema anaachishwa kazi. Ya tatu ilimwambia arudishe koti. Ya pili ndiyo iliyosema sababu, na nilipoiona macho yangu yalikwenda moja kwa moja hadi ya tatu. Ningeweza kuiruka. Asingejua kamwe. Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikuiruka, na sijapata sababu ya kujisifu; nadhani ni mazoea tu ya mtu asiyeruka mstari.

Nikasoma: "Kwa kuwa ulionywa kwa maandishi siku mbili kabla na msaidizi wako, na ukakiri kwa sahihi yako kwamba umelisoma onyo hilo..."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Msaidizi wangu," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

Mke wangu alikuwa amesimama na birika. Mwenzangu hakupaza sauti. Alinyoosha mkono mzima, akachukua barua, akajaribu kuikunja kwa mkono mmoja juu ya goti. Ilimchukua muda. Sikumsaidia, wala hakuniomba.

"Ulikuwa hapo mezani," akasema. "Hata kama hungetoka kwa kiti. Ungepiga tu mluzi."

"Ulinicheka mbele ya akina mama," nikasema. Niliposikia maneno hayo yakitoka, mtu mzima mwenye familia, nilitamani kuyarudisha.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lini?"

Hakukumbuka. Nilimweleza habari ya ripoti na kurasa. Alifikiri, akatikisa kichwa. Hata bahasha nilimwambia, kurasa sita, wiki tatu kifuani.

"Sasa hizo kurasa ungenipa mimi nimpelekee," akasema. "Mimi nilikuwa naongea na yule mtu kila siku."

Akanyanyuka. Mke wangu alimsindikiza hadi barabarani, nami nilibaki kwenye kiti. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama kwenye ua wa michongoma. Alisema kitu, akiinua ule mkono wa bendeji, na mke wangu, aliyekuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso, akacheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma.

Jumatatu ningeanza kazi nikiwa mkuu wa boila, na koti la kaki lingekuwa langu. Niliketi pale nikitaka kujua jambo moja tu. Mke wangu aliporudi ndani nilimwuliza, "Amesema nini?"

Alikusanya vikombe, kile changu kikiwa bado kimejaa.

"Kamwulize mwenyewe," akasema.